Mgeni wa Ploti ya Pili

Mgeni wa leo anakaa ploti ya pili kutoka studio. Anauza mboga na viazi kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa kanisa, na mtangazaji atakayemhoji hununua sukuma wiki kwake karibu kila jioni, siku nyingine kwa deni. Zimebaki dakika kumi kipindi kianze. Mama ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba ameukumbatia mapajani, na leo amevaa rinda la Jumapili ingawa ni Jumanne na hakuna msikilizaji atakayemwona. Mtangazaji hamwambii atulie. Anamuuliza viazi vya wiki hii vimetoka wapi.

“Hivi ni vya Molo,” mama anasema, “na gunia limepanda.”

Anaanza kueleza jinsi anavyofika Marikiti kabla ya alfajiri, jinsi dalali anavyomwonyesha viazi vya juu vikubwa na kuficha vidogo chini ya gunia, na mikono yake inauacha mkoba ili ionyeshe ukubwa wa kiazi. Huku akiitikia, mtangazaji anapandisha kitufe kimoja cha mikisa polepole mpaka taa za kijani ziguse njano. Sauti imekwisha kupimwa. Kazi imeanza na mgeni hajui.

Kiswahili kina neno moja kwa mtu usiyemfahamu na kwa mtu unayemwandalia kiti: wote ni wageni. Redio kubwa za katikati ya jiji huwapokea wa namna zote mbili. Mwanasiasa au msanii hupanda lifti, hunywa maji ya chupa, husema lililomleta na kuteremka, na pengine yeye na mtangazaji hawataonana tena mpaka albamu nyingine itoke au uchaguzi mwingine ukaribie. Redio ya mtaa haina wageni wa aina hiyo. Anayeketi mbele ya maiki ni mtu ambaye mtangazaji alisoma darasa moja na mwanawe, wanapanga mitungi foleni moja ya maji na wanamkimbia ajenti mmoja wa nyumba tarehe tano. Kwa saa moja jirani huyu hana budi kugeuzwa mgeni, apewe heshima ya mgeni na kuulizwa mambo ambayo jirani hamuulizi jirani mlangoni. Saa ikiisha arudishwe kuwa jirani, mzima, asiwe amepungukiwa na kitu. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo kazi ninayoistahi. Nimeisikiliza miaka mingi, kwa kinyozi, jikoni, ndani ya matatu, na kadiri ninavyozidi kuisikiliza ndivyo ninavyozidi kuuona ugumu wake.

Chumba chenyewe kwanza. Koch FM ya Korogocho, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wa mtaa huohuo, ilianzia ndani ya kontena la meli. Kontena lina faida zake: lina kufuli la maana, halihitaji msingi, na mwizi hawezi kutoboa ukuta wake kwa nyundo. Kwa upande wa sauti ni mzigo. Chuma hurudisha kila neno lililosemwa, jua la Februari hukifanya chumba kuwa tanuri, na mvua ikilipiga paa hakuna anayesikika. Wenye studio za aina hii, ziwe za makontena, za vyumba vya kupanga au za kando ya ofisi ya parokia, wamejifunza fizikia kwa masikio yao. Trei za mayai hubandikwa ukutani, nazo husaidia kidogo tu; hutawanya mwangwi wa sauti nyembamba, lakini hazizuii kelele kuingia. Kinachosaidia kweli ni kitu kizito na laini, kama blanketi, zulia kuukuu au godoro lililokatwa vipande. Hata hivyo mngurumo wa matatu utapenya, maana sauti nzito haijali kitambaa. Ndiyo sababu maiki inayofaa hapa ni ile isiyosikia mbali, inayomdai msemaji aisogelee mpaka ibaki nafasi ya ngumi moja kati yake na mdomo. Maiki ya bei kali inayonasa kila pumzi ingemnasa pia mhubiri wa kona, jenereta ya mchomeleaji na watoto wanaotoka shule.

Ngumi moja, tena kwa mshazari. P na B hutoka mdomoni na kishindo cha hewa, na kishindo kikiipiga maiki moja kwa moja msikilizaji hupata mlio kama wa mlango uliosukumwa na upepo. Sasa hesabu mitaa yetu ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi: Pumwani, Bahati, Buruburu, Bondeni, Pipeline. Mtangazaji wa huko hutaja majina haya mara thelathini kwa siku. Nimeona studio ambako soksi ndefu ya kike imevutwa juu ya waya uliokunjwa duara na kuwekwa mbele ya maiki, na mtangazaji akifika kwenye “Buruburu” hugeuza uso kidogo sana, nyuzi chache tu, kama anayempisha mtu kwenye uchochoro. Mgeni hafundishwi hilo. Kiti chake kimekwisha kuwekwa upande.

Kuna jambo moja la mitambo ambalo limeifinyanga kazi hii kuliko soksi na magodoro. Redio za jamii za Nairobi zilipewa masafa yaleyale, 99.9 FM: Koch FM huko Korogocho, Pamoja FM huko Kibera, Mtaani Radio huko Kawangware, Ruben FM huko Mukuru kwa Reuben. Hili linawezekana kwa sababu mitambo yao ina nguvu ndogo, na kwa sababu redio ya FM ikikutana na mawimbi mawili ya masafa yaleyale hushika lenye nguvu na kuliacha jingine. Ukitembea na simu yenye redio kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine bila kugusa chochote, sauti moja hufifia, hukoroma, kisha sauti nyingine kabisa hushika nafasi yake ikizungumzia mto mwingine na chifu mwingine. Magorofa ya kupanga ya Huruma, Kayole na Pipeline yamezidi kuukata mpaka huo. Mtangazaji wa hapa hujua karibu kwa barabara ni wapi anakoishia. Wanaomsikia mgeni wake ni wale wale watakaokutana naye kesho kwenye kibanda chake, na neno likimponyoka hakuna umbali wa kulimeza.

Udogo huu una historia yake. Redio ya kwanza ya jamii nchini Kenya ilifunguliwa Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, na serikali ikaifunga mwaka 1984. Miaka mingi iliyofuata hewa yote ilikuwa ya shirika la taifa. Mtaa ulizungumza kwingine. Kaloleni, ambayo serikali ya kikoloni iliijenga miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, ilikuwa na ukumbi wake ambao wakazi waliuita kwa jina la bunge la Uingereza kwa jinsi siasa zilivyojadiliwa humo. Watu wa Eastlands walikuwa wazungumzaji hodari muda mrefu kabla ya maiki kuwafikia. Mtangazaji wa redio ya mtaa hawafundishi watu kusema, na anayedhani kwamba hiyo ndiyo kazi yake huwa anaboronga ndani ya dakika ya kwanza.

Msikilize yule ninayempenda kuliko wote. Simtaji jina wala kituo, maana kwa hulka yake angeona nimewapunja wenzake. Swali lake la kwanza halijawahi kuwa “jitambulishe kwa wasikilizaji.” Nilikaa muda kabla ya kuelewa kwa nini analikwepa. Mwambie mama wa Eastlands ajitambulishe naye atajibu kama aliye mbele ya meza ya chifu: majina matatu, kaunti ya nyumbani, idadi ya watoto, sauti imekauka. Mtangazaji huyu huuliza, “Ulipoingia mtaa huu, steji ya matatu ilikuwa wapi?” Mgeni husimama pale alipokuwa amesimama siku hiyo. Anamwona kondakta, anaona mahali palipokuwa na bwawa na sasa pana gorofa. Ikiwa ni Dandora, huenda akafika mpaka miaka ya 1970, wakati mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulipogawa viwanja 6,000 vyenye bomba na choo, kila mwenye kiwanja ajijengee vyumba kadiri ya mfuko wake; atakuambia walianza na chumba gani, na nani alilala jikoni. Ikiwa ni Umoja au Kayole, atakumbuka nani alikuwa na stima kwanza. Mwaka, umri, kazi na kabila la jirani vyote vitajitokeza njiani, vingine vikisemwa na vingine vikiachwa, na mwenyewe ndiye aliyechagua.

Halafu kuna suala la lugha. Watu wa mbali hudhani Sheng ni moja. Ina tarehe na ina anwani: ya Jericho ya zamani si ya Kayole ya leo, na neno lililomfanya kijana aonekane mjanja mwaka jana linaweza kumfanya aonekane mshamba mwaka huu. Sasa weka mezani bibi wa miaka sabini mwenye Kiswahili cha soko la Gikomba na kijana wa miaka kumi na tisa, kisha uwafanye wasikilizane huku maelfu wakiwasikiliza. Siku moja walikuwa wanazungumzia kikundi cha vijana kilichosafisha kingo za mto. Kijana akasema walikuwa “wamesanya ganji” kwa wiki tatu. Mtangazaji akauliza papo hapo, “Na hiyo pesa mliyokusanya mkampa nani aiweke?” Swali lilikuwa la kweli, lilihitaji jibu, na tafsiri ilipita ndani yake kama uzi ndani ya pindo. Bibi hakuaibishwa kwa kutojua. Kijana hakukatizwa. Baadaye bibi aliposema walikuwa wakienda “kantini” ya halmashauri, mtangazaji alimrudishia kijana kwa njia ileile. Nimejaribu mwenyewe kufanya hivyo kwenye mikutano ya ploti na ninajua jinsi kunavyochosha: lazima uwe umesikia neno, umejua ni nani halijui, na umepata swali zuri la kulibebea, yote kabla msemaji hajavuta pumzi.

Maswali yake ni mafupi. Ukihesabu maneno, mara nyingi hayafiki kumi. Hasemi “ulijisikiaje.” Mei 2020, tingatinga zilipobomoa makazi Kariobangi katika msimu wa mvua na kafyu ya korona, maelfu ya watu walilala nje, na kwa miezi kadhaa baadaye waliendelea kuwa wageni wa vipindi vya redio na podikasti. Niliwasikia wengi wakiulizwa walivyojisikia, na wote walijibu kwa maneno yaleyale, vibaya sana, kwa sababu swali kubwa namna hiyo halina mlango. Yeye alimuuliza mama mmoja, “Ulibeba nini kwanza?”

Kukawa kimya. Kimya cha sekunde tatu redioni ni kirefu. Msikilizaji hudhani mtambo umezimika, na fundi wa zamu huanza kuangalia nyaya. Mtangazaji hakukijaza. Nilisikia kiti kikilia, mbali nikasikia mbwa.

“Sufuria,” mama akasema. Kisha: “Na kile kitabu cha kliniki cha mtoto.”

Mtangazaji akauliza sufuria ilikuwa na nini. Ilikuwa na maharagwe ya kesho yake yaliyochemshwa nusu. Wakaendelea kutoka hapo, na katika dakika ishirini zilizofuata nilielewa kubomolewa nyumba kuliko nilivyoelewa kwa habari za wiki nzima.

Kukaa kimya namna hiyo hakutokani na moyo wa huruma pekee. Wenye huruma nyingi ndio wanaovunja kimya haraka, maana hawavumilii kumwona mtu akiteseka. Kunatokana na mazoezi, na pia jambo la awali kabisa: siku mbili kabla, alikuwa amekwenda alikojistiri mama huyo, bila daftari, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa, akamuuliza kuna jambo gani asingependa liguswe. Alilijua shimo lilipo, kwa hiyo aliweza kutembea kando yake bila kuogopa. Huko ndiko kazi inakofanyika. Kipindi ni mavuno.

Wageni wenye mamlaka hupokewa kwa ufundi wa namna nyingine. Mwakilishi wa wadi, chifu, ofisa wa maji. Hapa mtangazaji anatoa daftari, la kurasa tisini na sita, kama la mtoto wa shule, lenye safu tatu zilizopigwa kwa rula: aliyesema, alichosema, tarehe aliyoahidi. Ofisa akisema bomba litarekebishwa hivi karibuni, humuuliza kwa upole, “Tuandike tarehe gani?” Akisema mwezi ujao, huandika, na wasikilizaji humsikia akiandika, kwa sababu huisogeza karatasi karibu na maiki. Tarehe ikifika husoma. Hapandishi sauti, haongezi neno lake. “Tulikuwa tumeandika tarehe kumi na nne. Leo ni tarehe kumi na sita. Tunaomba atupigie.” Na mara nyingi hupiga.

Jambo ambalo lilinikera kwa muda ni kwamba huwaambia mapema. Humpelekea chifu ujumbe siku moja kabla: nitakuuliza juu ya taa za barabarani, nitakuuliza juu ya basari. Nilikuwa naona ni woga. Niliona mwanahabari wa kweli humvizia mkubwa, amkute uchi. Sasa naona vingine. Aliyeviziwa hujibu kwa kujikinga na umma hutoka mikono mitupu na kelele nyingi. Aliyeonywa hawezi kusema “nitaangalia faili nirudi kwako,” kwa sababu alikuwa na usiku mzima wa kuliangalia. Na chifu naye anaishi hapa. Naye ni wa kugeuzwa mgeni na kurudishwa.

Simu za wasikilizaji ndizo zenye hatari kuliko yote, na historia yetu inasema kwa nini. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Nairobi ilishika moto, na mitaa ya mashariki ilikuwa miongoni mwa ile iliyoumia zaidi. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini kote mpaka makubaliano ya amani ya Februari 2008. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilizinyooshea kidole baadhi ya redio zilizotangaza kwa lugha za makabila kwa kuchochea chuki. Upande wa pili, Pamoja FM ya Kibera, iliyokuwa imeanza mwaka huohuo wa 2007, ilisifiwa kwa kuwasihi watu watulie. Tofauti haikuwa kwenye mtambo. Ilikuwa kwenye mkono uliokuwa juu ya kitufe, na kwenye jambo rahisi kwamba Kibera kila kabila lilikuwa likimsikia mtangazaji mmoja, naye alikuwa akiishi katikati yao wote.

Tangu hapo imejengeka desturi ambayo msikilizaji haioni. Mpigaji hasikiki hewani kabla hajasikilizwa nje ya hewa, walau sentensi mbili, huku muziki ukicheza. Ujumbe wa simu husomwa wote kimyakimya kabla ya neno la kwanza kutoka mdomoni, kwa sababu sumu mara nyingi hukaa mwishoni. Na mpigaji akianza kusema “hawa watu wa,” mtangazaji huyu humwingilia kabla kabila halijatajwa: “Mtu gani, Mama Brayo? Tuambie mtu mmoja, na alifanya nini.” Nusu ya wapigaji hapo hugundua kwamba hawana mtu. Wenye mtu humweleza, na kumbe ni kinyongo cha kamba ya kuanikia nguo, jambo linaloweza kusuluhishwa.

Nikumbuke pia kisa cha James Kang'ethe, ambaye jiji lote lilimjua kama Bonoko. Alikuwa akiishi mitaani. Mbele ya kamera ya habari alisimulia jinsi, kwa kusema kwake, alivyoona polisi wakimpiga mtu risasi na kumwekea bastola bandia, bonoko kwa Sheng. Alisimulia kwa mwendo na mahadhi ambayo hakuna mwandishi angeyatunga, na DJ akaikata ile sauti na kuifanya wimbo wa densi. Nchi ilicheza. Kwa muda, ushahidi wa kifo ukawa kiitikio cha harusi. Baadaye Ghetto Radio, kituo cha 89.5 FM kinachotangaza kwa Sheng, ilimpa kazi ya utangazaji, na aliyekuwa sauti iliyokatwa akapata maiki yake. Nilifurahi siku niliyomsikia hewani, na bado nafurahi. Lakini kisa kile kinaonyesha ni kitu gani mtangazaji wa mtaa hushika mkononi. Sauti ya mtu ikishatoka inaweza kubebwa na yeyote, kwenda kufanya kazi yoyote.

Na podikasti zimeifanya hatari hiyo kuwa ya kila siku. Zamani redio ya jamii ilitamka na hewa ikameza. Sasa vijana wawili wenye simu mbili, taa ya duara na makochi ya sebuleni wanaweza kurekodi saa moja na nusu huko Umoja au Komarock na kuiweka mtandaoni usiku huohuo. Nayapenda mazungumzo haya. Vipindi kama Iko Nini cha Mwafreeka vimeonyesha kwamba Sheng inaweza kubeba mazungumzo marefu ya watu wazima, bila kuharakishwa na matangazo ya biashara. Urefu huo ni zawadi: mgeni hupita dakika ya arobaini, akamaliza zile hadithi alizozoea kuzisimulia, ndipo anaanza kusema asiyoyajua mwenyewe kwamba anayajua.

Lakini kinachorekodiwa hubaki, na kipande cha sekunde thelathini husafiri bila mwenyewe. Tazama wageni wanaopendwa sana na podikasti za Eastlands, wale waliokuwa majambazi na wakaacha. Ni rahisi mno kumpata mtu wa namna hiyo na kumwachia ajigambe: bunduki ilikuwa ya aina gani, benki ipi, mlitoroka vipi. Maoni yatamiminika. Mwendeshaji mmoja kijana, ambaye nadhani ana kipaji kikubwa, alimwacha mgeni wake asimulie wizi mmoja mpaka mwisho, akacheka naye kidogo, kisha akauliza, “Yule mwenye duka, ulishawahi kumwona tena?” Mgeni akatazama kando. Alikuwa amemwona. Alikuwa akimwona kila Jumapili, kanisa moja, yule mzee sasa anatembea kwa fimbo. Mazungumzo yalianza hapo. Na baada ya kurekodi, kijana yule alifanya jambo ambalo watazamaji hawakulijua: alimwonyesha mgeni rekodi yote kabla ya kuitoa, akamuuliza mama yako akiona hii itakuwaje, na wakakata jina la mtaa wa yule mzee.

Hela ni chache, na hilo nilitaje kwa ufupi kwa sababu wao wenyewe hawapendi kulililia. Leseni ya redio ya jamii si ya kutafuta faida. Wengi hujitolea, hupewa nauli, na wanapoiva redio za biashara huwachukua. Watu husema ni hasara. Mimi nikisikia mtangazaji wa kituo kikubwa akiuliza swali fupi na kunyamaza, hujiuliza alikalia mtungi wa nani kabla ya kufika huko.

Turudi kwa mama wa viazi. Kipindi chake kilihusu kikundi cha akiba ambacho mweka hazina wake alihama usiku na sanduku. Alisema yote, hesabu kwa hesabu, na hakulitaja jina la mwanamke yule hata mara moja, kwa sababu walikuwa wamekubaliana hivyo siku ya mtungi, maana naye alitembelewa kabla ya kipindi: watoto wa mwanamke yule bado wanasoma shule ya hapa. Mtangazaji hakuliita jina hilo hata lilipokuwa linaning'inia katikati ya chumba na kila msikilizaji wa ploti zile akilijua. Alimuuliza, “Kikundi kipya kikianza, funguo za sanduku mtazigawa vipi?” Mama akawaza, akasema funguo tatu, watu watatu, ploti tatu tofauti. Simu sita ziliingia kuuliza namna ya kujiunga.

Saa ilipokwisha, kitufe kikashushwa kabla ya hedifoni kuvuliwa, kama inavyotakiwa. Mama akabaki ameketi. Huu ni muda mgumu ambao wengi huusahau. Mgeni ametoka kusema mbele ya watu wengi mambo ambayo hakuwahi kumwambia dada yake, na sasa chumba ni kidogo tena. Mtangazaji hakumshukuru kwa hotuba. Alimwambia wimbo unaocheza una dakika nne na angependa amsindikize mpaka kona, halafu arudi kusoma matangazo ya vifo.

Wakatoka. Kwa kinyozi redio ilikuwa imewashwa na kinyozi akasimamisha mashine, akamwita mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, akamwambia funguo tatu ni sawa lakini mwenye sanduku asiwe na funguo hata moja. Mama akajibu kwamba alikuwa amelifikiria hilo, ila muda uliisha. Wakabishana kidogo mlangoni. Kwenye kibanda, msichana aliyekuwa ameachiwa biashara alikuwa ameuza nusu ya viazi na kutoa chenji vibaya mara moja. Mama akavua koti, akafunga aproni juu ya rinda la Jumapili, akahesabu sarafu.

Kisha akachukua fungu la sukuma, akaanza kulikata nyembamba namna mtangazaji anavyolipenda, bila kuuliza.

“Leo unalipa,” akamwambia, “au niandike?”

“Andika, mama,” akasema, akakimbia kurudi, maana wimbo ulikuwa umefika ubeti wa mwisho.